Kijana akiyumba, mtazame kocha

Novemba ikifika Marekani, ligi ya vyuo ya mpira wa Kimarekani ikiwa imebakiza mechi chache, mashabiki huzama kwenye mjadala usiohusu mechi hata moja. Kuna kijana wa miaka 17, yuko mwaka wa mwisho wa sekondari, ambaye tangu kiangazi ameshatamka hadharani kwamba atachezea chuo chao. Jumamosi iliyopita ameonekana kandokando ya uwanja wa chuo kingine, beji ya mgeni shingoni, akipeana mkono na kocha wa huko. Basi maneno yanaanza. Mmoja anasema kijana anakula safari za bure tu, wala hakuna cha kuogopa. Wa pili anasema mwacheni aende zake, hatutaki mtu wa roho mbili. Wa tatu anauliza wenzetu wameweka mezani kiasi gani, na wafadhili wetu wamelala usingizi wa namna gani. Wa nne amegundua kwamba kijana amefuta picha mbili kwenye ukurasa wake, na zote mbili alikuwa amevaa jezi yetu. Ubishi huo huchukua wiki kadhaa, hadi siku ya kusaini, na kila kijana anapobadili mawazo hukumu huwa ni ile ile: hana msimamo.

Nadhani hukumu hiyo inamwangukia asiyestahili. Ukivifuatilia visa vikubwa vya miaka kumi na mitano hivi iliyopita, utakuta kwamba kuyumba kwa kijana ni dalili ya kitu kilichotikisika juu ya kichwa chake: kocha aliyefukuzwa, kocha anayenyemelea kazi kwingine, au fedha iliyoahidiwa na watu wazima ambao hawakuwa nayo. Yeye huwa wa mwisho kuambiwa na wa kwanza kulaumiwa. Shabiki anayetaka kujua kama kijana fulani atakuja au hatakuja angepata jibu zuri zaidi kwa kuichunguza ofisi ya kocha kuliko kuchunguza tabia ya mtoto.

Pengine msomaji asiyefuatilia mchezo huu atashangaa kwa nini mtu mzima mwenye kazi na familia akose usingizi kwa ajili ya mwanafunzi asiyemjua. Sababu ipo. Katika ligi ya kulipwa, NFL, timu iliyofanya vibaya kuliko zote hupewa nafasi ya kwanza ya kuchagua wachezaji wapya, kwa hiyo hata kushindwa kuna faida yake. Vyuoni hakuna huruma hiyo. Kila chuo kinajiwindia, na kilichoshinda mwaka jana ndicho kinachopata kirahisi vijana bora wa mwaka huu. Kampuni za tathmini huwapanga vijana kwa nyota, wa juu kabisa wakipewa tano, na idadi ya wenye nyota tano nchi nzima ni ndogo mno. Katika miji kama Tuscaloosa, Baton Rouge au State College, ambako hakuna timu ya kulipwa na uwanja wa chuo unameza watu zaidi ya laki moja, orodha ya walioahidi kuja ni habari ya mwaka mzima. Jina moja likichomoka kwenye orodha hiyo, hasa jina la kwotabeki, yule anayeupokea mpira na kuamua uende wapi, shabiki anaona misimu miwili ijayo ikimponyoka. Kwa hiyo siwacheki. Wana haki ya kuwa na wasiwasi. Ninachobisha ni mahali wanapoupeleka.

Tuanze na ahadi yenyewe. Kisheria haina uzito wowote. Kijana anaitamka, chuo kinaipokea, halafu kila upande unabaki huru kama ulivyokuwa jana yake. Kilichokuwa kikifunga ni karatasi: ile barua ya kitaifa ya kusudio iliyoanza mwaka 1964, ikisainiwa Jumatano ya kwanza ya Februari, na kuanzia 2017 Desemba pia. Aliyesaini kisha akaenda kwingine aliadhibiwa kwa kunyimwa muda wa kucheza. Barua hiyo ilifutwa na chama kinachosimamia michezo ya vyuo, NCAA, Oktoba 2024, na kazi yake ikabebwa na mikataba ya ufadhili wa masomo. Lakini cha kuangalia ni ilimfunga kijana kwa nani. Ilitamka bayana kwamba anajisajili na chuo, wala si na kocha. Kocha akiondoka kesho yake asubuhi, kijana amebaki pale pale. Na kila mtu anayeujua mchezo huu anafahamu kwamba kijana havutwi na majengo. Anavutwa na mtu aliyekuja nyumbani kwao, akala chakula cha mama yake, akamchorea kwenye karatasi namna atakavyomtumia uwanjani. Mtu huyo ndiye pekee ambaye barua haikumgusa.

Kisa kinacholionyesha hili waziwazi ni cha Roquan Smith, mlinzi kutoka Montezuma, mji mdogo wa jimbo la Georgia. Februari 2015, siku ya kusaini, alitangaza kupitia ESPN kwamba anakwenda UCLA, upande wa pili wa nchi. Kilichobaki ni kuituma karatasi kwa faksi, maana wakati ule mashine ya faksi ndiyo ilikuwa mlango wa chuo. Hakuituma. Zilikuwa zimetoka habari kwamba Jeff Ulbrich, kocha wa ulinzi wa UCLA aliyemfukuzia kwa muda mrefu, anakwenda kufundisha Atlanta Falcons ya NFL. Siku kadhaa baadaye Smith alichagua chuo cha Georgia, na alichofanya huko ndicho kinachonivutia zaidi: alikataa kuisaini ile barua ya kusudio kabisa. Alisaini mkataba wa ufadhili peke yake, ambao unakibana chuo bila kumbana yeye. Wapo waliomwona kigeugeu. Mwaka 2017 alitwaa tuzo ya Butkus, inayotolewa kwa mchezaji bora wa nafasi yake nchini, na 2018 Chicago Bears wakamchagua wa nane katika nchi nzima. Kipaji hicho hakithibitishi kwamba alikuwa sahihi, la hasha. Angekuwa sahihi hata kama angevunjika goti wiki ya kwanza. Alikuwa sahihi kwa sababu alikuwa amekaribia kusaini karatasi ya kumfunga kwa kumwamini mtu ambaye tayari alikuwa anafunga virago.

Ukitaka kuona jambo hili kwa marefu yake, mfuate mtu mmoja tu, Lane Kiffin. Januari 2010 aliiacha Tennessee baada ya msimu mmoja, wiki tatu tu kabla ya siku ya kusaini, akaenda USC ya Los Angeles. Wanafunzi wa Tennessee, mjini Knoxville, walijaa nje usiku ule kwa hasira. Mwezi uliofuata, akiwa USC, alipokea ahadi ya kijana aitwaye David Sills. Sills alikuwa kwotabeki, na alikuwa na umri wa miaka 13. Hebu tulitazame hilo kwa makini. Mtoto wa darasa la saba amesema atachezea chuo ambacho hawezi kujiunga nacho kabla ya miaka mitano kupita, amemwambia kocha ambaye katika mwaka mmoja uliotangulia amebadili mwajiri mara moja, na taifa zima likaandika habari hiyo kama ahadi. Septemba 2013 USC walimfukuza Kiffin, usiku wa manane uwanja wa ndege, timu ikirejea kutoka kupigwa na Arizona State. Sills naye akajitoa, akaishia West Virginia, tena akiwa mdakaji wa mipira na si kwotabeki. Nani alivunja ahadi hapo? Swali lenyewe linachekesha. Kisha Novemba 30, 2025, Kiffin huyo huyo aliiacha Ole Miss ikiwa imeshinda mechi 11 na kupoteza moja tu, iko mlangoni mwa mchujo wa ubingwa, akaenda LSU, mpinzani wa ligi ile ile. Dirisha la kusaini lilifunguliwa Desemba 3. Vijana waliokuwa wamemwahidi walipata siku tatu za kuamua mambo ya miaka minne.

Mwaka huo huo Penn State walipata somo lao. Oktoba 2025 walimfukuza James Franklin baada ya zaidi ya misimu kumi, mwezi uliofuata Virginia Tech wakamwajiri, na Desemba ilipofika vijana waliokuwa wameahidi Penn State walikuwa wametawanyika, wengi wao wakimfuata Franklin huko alikokwenda. Siku ya kwanza ya kusaini, chuo chenye moja ya viwanja vikubwa kuliko vyote duniani kiliambulia saini mbili. Sidhani kama kuna mtu anayeweza kusimama na kusema kwamba katika msimu ule Pennsylvania na majimbo jirani yalizalisha ghafla kizazi kizima cha vijana wasio na msimamo. Kitu kimoja ndicho kilibadilika, na kilibadilishwa na watu wazima, kikaoni.

Pingamizi la kwanza, na ndilo zito, ni kwamba ahadi ni deni. Mtu akisema neno mbele ya watu, alitimize; kama hakuwa na uhakika angenyamaza. Nalikubali hilo baina ya watu wawili waliofungana. Lakini hapa mambo yako namna nyingine. Chuo kikubwa hutoa ofa kwa vijana mia na zaidi huku nafasi za mwaka ni ishirini na ushei. Ni posa iliyopelekwa nyumba mia moja kwa siku moja, kisha mposaji analalamika kwamba binti mmoja ana tamaa. Na chuo kikizidiwa na waliokubali, kinajua la kufanya. Mwaka 2009 Houston Nutt, wakati huo kocha wa Ole Miss, alisaini vijana 37 kwa mkupuo, idadi isiyoweza kuingia kwenye kikosi chenye ukomo wa wafadhiliwa 85. Ligi yao, SEC, ilibidi iweke ukomo wa 28 kwa mwaka, na baadaye ikaushusha hadi 25. Mwaka 2010 LSU ilimwambia kijana mmoja, aliyekwisha kusaini, kuhama na kupanga vitu vyake bwenini, kwamba ufadhili wake haupo tena mwaka ule. Hata ufadhili wenyewe, kwa miongo kadhaa tangu 1973, ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja, na kuuhuisha au kuukata ilikuwa hiari ya kocha. Anayesema ahadi ni deni aseme pia deni hilo linamdai nani. Hadi sasa nasikia jina la mdaiwa mmoja tu.

Wengine hawana shida na maadili, wana shida na hasara. Kijana akishika nafasi kwa miezi kumi, wanasema, chuo kinaacha kuwafukuzia wenzake wa nafasi ile. Akiondoka wiki mbili kabla ya kusaini, walioachwa wameshapata kwao. Hasara hiyo ni ya kweli. Bryce Underwood, kwotabeki aliyetajwa kuwa bora kuliko vijana wote wa darasa la 2025, aliiahidi LSU Januari 2024, na Novemba 21 mwaka huo, siku 13 kabla ya kusaini, akahamia Michigan, chuo kilicho karibu na kwao Belleville. Mashabiki wa LSU huko Louisiana walipandwa na hasira, na naelewa. Lakini kisa hicho kina upande ambao haukuzungumzwa sana. Michigan ilikuwa tayari na kijana mwingine wa nafasi hiyo hiyo, aliyekuwa ameahidi muda mrefu. Wakati chuo chake kinamwinda Underwood usiku na mchana, yeye alikuwa wapi? Alijitafutia, akaishia Wisconsin. Hakuna aliyekiita chuo kigeugeu. Hasara ya LSU ilibebwa na taasisi yenye bajeti ya mamilioni, yenye wataalamu kazi yao ikiwa ni kutafuta mbadala. Ya yule kijana wa pili aliibeba yeye na wazazi wake.

Tena yaliyofuata yanastahili kusomwa polepole na kila shabiki aliyemtukana Underwood. Kocha ambaye angemchezea LSU, Brian Kelly, alifukuzwa Oktoba 2025, kabla msimu wa kwanza wa kijana haujaisha. Kelly mwenyewe alikuwa amefika LSU mwaka 2021 kwa kuiacha Notre Dame iliyokuwa imepoteza mechi moja tu. Na kocha ambaye Underwood alimfuata Michigan, Sherrone Moore, alifukuzwa Desemba 2025. Yaani kijana yule angetimiza ahadi, angempoteza kocha ndani ya mwaka. Aliivunja, akampoteza kocha ndani ya mwaka. Uaminifu wake, au kukosa kwake uaminifu, havikubadili chochote katika jambo lililokuwa na maana kubwa kuliko yote kwa maisha yake ya uwanjani. Mtu akiniuliza ni ushahidi gani mmoja ningeuweka mezani, ningeuweka huo.

Inabaki fedha. Tangu Julai 2021 wanafunzi wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao, na tangu Julai 2025, kufuatia suluhu ya kesi ya House dhidi ya NCAA iliyoidhinishwa na jaji Juni mwaka huo, vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa wachezaji wao moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza. Fedha ya Underwood iliripotiwa kuzidi dola milioni 10. Hapo ndipo mashabiki wengi wanaponikatiza: hayo ya kocha ni visingizio, vijana hawa wanafuata noti. Baadhi yao, naam. Nico Iamaleava aliondoka Tennessee Aprili 2025 katikati ya mvutano ulioripotiwa kuwa wa malipo, akiwa ameshaiongoza timu hiyo hadi kwenye mchujo wa ubingwa, na siwezi kumsingizia kocha aliyefukuzwa, kwa kuwa kocha wake alikuwepo na hakwenda popote. Nakubali kisa hicho kinanipinga. Ingawa hata hapo, UCLA alikokimbilia walimfukuza kocha DeShaun Foster Septemba, baada ya mechi tatu.

Ila fedha haiyumbishi upande mmoja. Jaden Rashada wa California aliiahidi Miami katikati ya 2022, Novemba akahamia Florida, na Desemba akasaini. Nyuma yake kulikuwa na mkataba ulioripotiwa kuwa wa zaidi ya dola milioni 13, ulioandaliwa na kundi la wafadhili wa Florida. Fedha haikuja. Januari 2023 aliachiliwa kutoka kwenye saini yake, akaenda Arizona State, kisha Georgia, na Mei 2024 akafungua kesi mahakamani dhidi ya Billy Napier, aliyekuwa kocha wa Florida, na wengine, akidai alidanganywa. Uamuzi wa kesi ni wa mahakama. Lakini mfuatano wa matukio hauna ubishi: kijana aliaminishwa, akasaini, kilichoaminishwa kikayeyuka. Miami walimwita msaliti Novemba, na Januari kila mtu akamwonea huruma kidogo kisha akamsahau. Kama noti zimeingia kwenye mchezo huu, zimeingizwa na watu wazima, na walioziahidi bila kuwa nazo ni watu wazima pia. Simwoni kijana wa miaka 17 anayeuliza kama fedha ipo kuwa na tamaa kuliko tajiri wa mafuta au wa magari anayemtumia ujumbe saa sita usiku.

Kuna hoja nyingine, nyepesi lakini inapendwa: kwamba kijana anayebadili mawazo alikuwa anadanganya tangu mwanzo. Reuben Foster alichora nembo ya Auburn kwenye mkono wake, tatuu kubwa ambayo hakuna kamera iliyoikosa. Februari 2013 alisaini Alabama, hasimu mkubwa kuliko wote wa Auburn. Alama ile ilifanyiwa dhihaka nchi nzima. Katikati ya dhihaka watu walisahau kwamba Auburn ilishinda mechi tatu tu msimu wa 2012, na mwishoni mwa Novemba ikamfukuza Gene Chizik na benchi lake la ufundi. Mtu hachori ngozi yake kwa uongo. Alimaanisha, na chuo alichokimaanisha kikabadilika.

Sasa yapo mapendekezo ya kulimaliza hili kwa nguvu: vijana wasaini mapema, hata kiangazi kabla ya mwaka wa mwisho wa sekondari, ili Novemba iwe tulivu. Kuanzishwa kwa dirisha la Desemba mwaka 2017 kulitokana na fikra za namna hiyo, na mnamo 2024 liliwahishwa zaidi, hadi mwanzoni mwa Desemba. Matokeo yake tumeyaona. Makocha hufukuzwa na kuajiriwa Novemba na Desemba, wiki zile zile, kwa kuwa kila chuo kinataka kocha mpya awahi siku ya kusaini. Na kadiri siku hiyo inavyowahishwa ndivyo vyuo vinavyofukuza makocha mapema, Septemba, Oktoba, msimu ukiwa bado mbichi. Kusaini mapema hakukuleta utulivu, kulihamisha tu vurugu. Na hakumlindi kijana hata kidogo. Julian Sayin alisaini Alabama Desemba 2023 na mwanzoni mwa Januari alikuwa ameshahamia Tuscaloosa. Januari 10, 2024, Nick Saban akastaafu. Kilichomwokoa Sayin ni kanuni ya uhamisho iliyowapa wachezaji siku 30 kocha anapoondoka, akaenda Ohio State, na 2025 ndiye aliyekuwa kwotabeki wao wa kwanza. Kama kanuni hiyo isingekuwepo, angebaki kumsubiri kocha asiyemjua.

Kwa mashabiki lipo jambo moja dogo ambalo mara nyingi hupuuzwa. Kanuni za NCAA kwa miaka mingi zimewazuia wafadhili na wafuasi wa chuo kuwawinda vijana moja kwa moja. Mwaka 2009 chuo cha NC State kilimwandikia mwanafunzi wake barua ya onyo kwa kuanzisha ukurasa wa kumbembeleza John Wall, mchezaji wa kikapu, aje kwao. Wengi waliliona kuwa jambo la kuchekesha, chuo kumtisha mwanafunzi kwa ushangiliaji. Wall alikwenda Kentucky. Leo kuizuia mikono ya mashabiki isifike kwenye simu ya kijana ni kazi isiyowezekana, na kijana anayeyumba hupokea usiku mmoja maneno ambayo kocha mwenye mshahara wa milioni kadhaa hawezi kuambiwa usoni. Pingamizi hapa ni kwamba sasa shabiki anachangia fedha, kwa hiyo ana sauti. Anayo. Lakini sauti ya mchangiaji ina mahali pake: ofisi ya mkurugenzi wa michezo, ile inayoajiri na kufukuza.

Na kule kuna jambo la kudai. Mkataba wa kocha mkubwa una kurasa nzima kuhusu siku ya kuachana: akifukuzwa atalipwa nini, akiondoka mwenyewe atamlipa nani. Texas A&M walipomfukuza Jimbo Fisher Novemba 2023 walikuwa wanadaiwa zaidi ya dola milioni 75 ili tu asiendelee kufundisha. Mikataba ya malipo wanayopewa vijana tangu 2025 nayo ina kurasa zake, na nyingi zinaeleza kijana atakachorudisha akiondoka mapema. Kipengele kinachostahili kuongezwa ni kifupi, na ukurasa mmoja unakitosha: kocha mkuu akiondoka au kuondolewa kabla kijana hajacheza msimu wake wa kwanza, kijana yuko huru siku hiyo hiyo, harudishi hata senti, na akiamua kubaki malipo yake hayapunguzwi na kocha mpya. Wanasheria wa vyuo watasema kipengele hicho ni ghali. Kweli ni ghali, na gharama hiyo ndiyo ingeifanya bodi ifikirie mara mbili kabla ya kumfukuza mtu Oktoba, siku chache tu baada ya kumtuma nyumbani kwa mama wa mtu kuahidi kwamba yupo na ataendelea kuwepo.